Namba ya Ntate Khoabane

Puseletso alitia mguu mmoja chumbani mwake, akautoa mbio. Maji yalikuwa yamemng'ata.

Bomba la barabara ya juu lilipasuka mchana kweupe, yeye akiwa nyuma anaanika nguo. Aliporudi, maji yalishafika kwenye vifundo, ekstensheni ya jiko imezama na inalia kama kitu kinachokaangwa, na juu ya kitanda Limpho wake wa miaka miwili ndiyo kwanza anaamka. Anafikicha macho. Anatafuta pa kushukia.

"Usishuke, mwanangu. Kaa hapo hapo. Tuone nani anajua kukaa."

Limpho akacheka. Alidhani ni mchezo.

Puseletso alipiga simu ofisi ya umeme, akapigiwa muziki. Akapiga ofisi ya maji, akaambiwa asubiri, simu yake wanaithamini sana. Mwenye nyumba alikuwa Bloemfontein na simu kaizima, ndiyo kawaida yake. Wapangaji wenzake wote walikuwa viwandani. Ikabaki namba moja, ile iliyoandikwa kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa choo: KHOABANE. UMEME, MAJI. SAA YOYOTE.

Miezi minne aliyokaa mji huu wa Maputsoe hajawahi kuongea na mzee huyo, ambaye wote walimwita ntate, baba. Alimwona tu akipita na ngazi yake ndefu, yeye mbele, mkewe nyuma kashika ncha ya pili, hawasemezani, na watoto wa mtaa wakiwafuata wakiimba, "Treni hiyo, treni hiyo."

Simu iliita mara moja tu, ikapokewa.

"Ntate Khoabane?"

Kwa mbali watu walikuwa wakiimba wimbo wa kanisani, polepole, watu wengi. Kisha ikaja sauti ya kukwaruza, ya kunong'ona.

"Sema shida yako, ausi, dada yangu."

Akaisema kwa pumzi moja.

"Meni swichi kwanza. Usikimbie. Uko wapi?"

"Vyumba vya bluu, nyuma ya kinu."

"Basi meni haimo chumbani kwako. Zunguka mpaka chumba cha mwisho, chini ya dirisha kuna kisanduku cha bati. Kufuli lake bovu, livute tu. Usiguse kitu kabla hujasimama juu ya tofali kavu, na mkono uwe mkavu. Naijua hiyo. Siku inafungwa nilikuwepo, nilishika ngazi."

"Njoo, ntate. Nakuomba, njoo."

"Siwezi kutoka hapa nilipo. Siruhusiwi mpaka Jumamosi." Sauti ikazidi kudidimia. "Na usimwambie mtu kwamba tumeongea."

Hakuwa na nafasi ya kushangaa. Alizunguka ukuta, mkono mmoja anaufuta kwenye sketi, na nyuma yake anamsikia Limpho akiita, mchezo umeshamchosha. Kufuli likatoka kama alivyoambiwa. Akapanda tofali, akashusha meni. Mlio ukakatika.

Alirudi akaingia majini bila kufikiri, na maji hayakumng'ata. Limpho alikuwa ananing'inia kitandani kwa tumbo, vidole vya mguu mmoja vimeshalowa. Puseletso alimkumbatia akalia kwa kwikwi, hata simu akaisahau mkononi.

"Umezima?" simu ikauliza.

"Nimezima."

"Na mtoto?"

"Ninaye, ntate. Ninaye."

"Haya, sasa maji. Ofisini watakuja kesho, au kesho kutwa. Ufunguo wa koki ya mtaa anao Mme Mantoa, yule mama wa duka la mikate. Nenda kwake, mwambie afunge ya juu, si ya..."

Wimbo ukaisha. Simu ikakatika.

Kesho yake, Alhamisi, maji yakiwa yameshafungwa, Puseletso alipika mkate, akaufunga kwa kitambaa, akambeba Limpho mgongoni, akaulizia nyumba ya Ntate Khoabane. Getini alikuta hema limesimamishwa na wanaume wanapasua kuni. Akamuuliza mmoja wao kama mzee yupo.

"Umechelewa kusikia, ausi. Alianguka kanisani Jumapili, hakuamka. Tunazika Jumamosi."

Jumamosi. Neno lilelile la kwenye simu.

"Jana nimeongea naye," alisema.

Mwanaume akateremsha shoka. Akamtazama yeye, akamtazama mtoto, kisha akasema kwa upole, "Ingia umpe mjane mkono. Utajisikia vizuri."

Aliogopa, tusidanganyane. Alitaka kugeuka akimbie, mpaka kwao kijijini ikibidi. Lakini nani anarudi na mkate kutoka nyumba ya msiba? Akaingia.

Chumba kilikuwa kimetolewa kila kitu, isipokuwa godoro moja sakafuni. Juu yake alikaa mjane, blanketi mpaka kidevuni, kama mjane anavyopaswa kukaa hadi mazishi: hatoki, hashiki kazi, hazungumzi na watu. Vikongwe walimzunguka, wakiimba polepole. Puseletso aliujua wimbo ule, ndio aliousikia kwenye simu.

Akapiga magoti, akaweka mkate chini. Mjane hakumtazama yeye. Alimtazama Limpho, macho yakashuka mpaka kwenye vidole vya mguu wa mtoto, yakakaa hapo.

Chini ya blanketi kitu kikaanza kutetemeka kwa vipindi, kama simu inayoita.

Kikongwe wa upande wa kulia alimkazia Puseletso macho, kisha akapandisha wimbo, na wenzake wakapandisha naye. Mjane akainamisha kichwa, akajifunika blanketi gubigubi. Kutoka humo ndani ikaja sauti ya kukwaruza, ya kunong'ona.

"Meni swichi kwanza, ausi. Usikimbie."