Chakula cha Zimwi

Waringa alikuwa ameshampa zimwi pua ya Walter, kitambi cha Walter na kidevu cha Walter, Mama Dorca alipomshika mkono.

"Futa," akasema.

"Sifuti! Miaka miwili nachora, Mama. Halafu jana naona kibao cha mwanzo cha filamu kimeandikwa: 'Picha zote zimechorwa na Walter.' Walter! Mtu asiyeweza kuchora hata yai! Wacha watu wa Kisumu waone zimwi ni nani."

Na alikuwa na haki ya kukasirika. Filamu ile ya katuni ilikuwa na nyimbo tele, na ilitokana na hadithi ya zimwi wa kike wa ziwani aliyemeza wasichana wa kijiji kizima. Yote ilitengenezwa katika chumba kimoja cha mabati pale Nyalenda. Waringa alichora kila hatua ya kila mguu kwenye plastiki angavu. Oketch alizipiga picha moja moja kwa kamera iliyoning'inia darini. Joto lilikuwa la kuua, na bado Oketch alikuwa akifunga dirisha kila mchana, kwa sababu mama mkwe wake aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, ng'ambo ya barabara na wakati huo alikuwa akila. "Mimi, Mjaluo, nimwone mama mkwe akitafuna?" alisema akitiririka jasho. "Afadhali nife na joto." Waringa, aliyezaliwa mjini na wazazi waliotoka Nyeri, alimcheka mpaka akachoka.

Na Walter mwenyewe, mkuu wa filamu, Mjaluo kama Oketch? Alikuwa Nairobi na tai yake, akiwaeleza wakubwa jinsi anavyoteseka kwa ajili ya sanaa. Mshenzi.

Mama Dorca hakuitwa na mtu. Alisikia sokoni Pap Onditi kwamba filamu ya Walter inatafuta sauti ya zimwi, akaja na kapu lake, akaimba, Oketch akasisimka mwili. Alikuwa na sharti moja tu: Walter asiambiwe. Hawakuona ubaya. Walter asingekosa kumleta msichana fulani wa Nairobi mwenye sauti ya kinanda.

"Ukimchora yeye," Mama Dorca akaendelea, "atacheka pamoja na watu, kesho amesahau. Mtu bila haya hachekwi, mwanangu. Nichore mimi."

"Wewe? Kwani wewe alikukosea nini?"

Mama Dorca akaliweka kapu lake chini. "Alikuja kwangu, nikampokea kama mtu. Alipopata alichotaka, akasimama mbele ya wazee wa kanisa akasema hanijui. Hivyo tu. Hanijui."

Aa, hadithi, Waringa akawaza. Walter kila mahali alijigamba kwamba ile hadithi ya zimwi aliitunga mwenyewe. Kumbe ameiba hata kwa mama mzee! Akafuta pua, akafuta kitambi.

"Sasa nichore nikila," Mama Dorca akasema. "Zimwi aimbe huku anakula kichwa cha samaki. Na usinipambe."

Akaketi kwenye kigoda na kichwa cha ngege, akala, akaimba mdomo umejaa. Waringa alichora sikio la kushoto lililochanika. Alichora jinsi mama alivyofumba jicho moja akinyonya jicho la samaki kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Oketch akanasa sauti, pamoja na kule kutafuna.

Siku ya kuonyesha filamu, ukumbi ulijaa hadi madirishani. Walter alikaa mbele na suti mpya, kati ya Magdalene na baba yake, Mzee Waliaula, mfanyabiashara aliyeigharamia filamu. Kila mtu alijua kwamba filamu ikiisha, posa ya Magdalene itatangazwa. Walter angekuwa mtoto wa nyumba ile, na filamu zote za kesho zingekuwa zake.

Kabla ya taa kuzimwa, Mzee Waliaula, mtu wa kanisa, alisimama akamgeukia Walter. "Kijana, watu wana midomo. Wanasema una bibi mahali."

"Mzee, ni wivu tu! Mimi sijawahi kuingia boma la mtu kuomba binti."

Watu wakapiga makofi. Waringa, nyuma kabisa pamoja na Oketch na Mama Dorca, alitamani kumrukia.

Jina la Walter likaja kwanza, kubwa kama nyumba. Waringa akauma mdomo. Nyimbo zikapita, watoto wakaimba nazo. Kisha zimwi akatoka majini, akaketi kwenye kigoda, akafumba jicho moja, akanyonya jicho la samaki.

"Leteni mwingine," akaimba akitafuna, "huyu ameniachia njaa!"

Ukumbi mzima ulikuwa ukicheka, Walter naye. Kisha kicheko chake kikakatika. Akaruka, akajifunika koti kichwani, akamkanyaga Mzee Waliaula, akaangusha viti, akagonga nguzo, akatoka nje mbio kama aliyemwagiwa maji moto.

Watoto walizidi kucheka. Watu wazima wakanyamaza, safu baada ya safu. Oketch akashika kichwa: "Mayoo!" Mzee Waliaula akasimama, akamwinua Magdalene, akageuka kutazama nyuso za ukumbi, mmoja mmoja.

"Mama," Waringa akanong'ona, "ameogopa nini? Si ni wewe tu unakula samaki?"

Mama Dorca akasimama ili Mzee Waliaula amwone vizuri. Akaifunga leso yake kiunoni, akapaza sauti.

"Anasema hajawahi kumwoa Benta wangu. Basi amemkimbia mama mkwe wa nani?"