Mke Mdogo na Bastola Kubwa

"Kati ya hizi mbili, ipi ina kelele zaidi?"

Efraimu aliweka tupa chini. Tangu arudi kutoka vita vya Burma alikuwa fundi wa bunduki hapo Makambako, kando ya barabara ya Njombe. Wateja walimuuliza habari za shabaha, bei na kutu. Kelele hakuna aliyewahi kuiulizia.

"Kaka Hezekia, miaka minne hatujaonana, hujauliza hata hali ya wanangu. Unauliza kelele?"

"Kamwene, mdogo wangu. Wanao hawajambo? Haya, nijibu."

Hezekia alikuwa mpishi wa kikosi chao katika jeshi la Keya, mtu wa vichekesho hata chini ya mabomu. Asubuhi hiyo alikuwa ameteremka na lori kutoka Njombe, uso umesinyaa kama kiazi cha mwaka jana.

Juu ya benchi zililala bastola mbili za mzungu mmoja mwenye shamba la miwati. Efraimu alipenda kueleza kazi yake, basi akaeleza.

"Hii ndogo, katika tundu la mtutu wake hata penseli haipiti. Haipigi teke, bibi kizee ataimudu. Lakini risasi yake itamkasirisha nguruwe tu. Hii kubwa, kidole changu cha mwisho kinaingia. Inamlaza chui. Shida yake, ilikuwa ikiruka mkononi kama jogoo anayechinjwa. Mwenyewe ana mkono mbovu, akanituma nitoboe matundu haya manne karibu na mdomo. Sasa moto unatokea juu, na mtutu unatulia."

"Na ubaya wake?"

"Moto machoni, na mlio. Ule mlio unakurudia wewe mwenyewe. Siku niliyoijaribu, mbuzi wa jirani alikata kamba, na mimi siku mbili nilisikia nyuki masikioni."

"Hiyo hiyo. Niazime, na risasi moja."

Efraimu alicheka. "Nguruwe wameingia shambani? Wewe vita vizima ulipiga sufuria tu!"

Hezekia hakucheka. "Si nguruwe. Ni mke wangu mdogo, Telesia."

Kicheko kilimkauka Efraimu mdomoni. Mzee wa kanisa, kumbe ameongeza mke!

"Amekukosea nini?"

"Namwita, haitiki. Namwambia kamwene, ananipa mgongo. Miaka mitatu, Efraimu. Nimepaza sauti mpaka koo limechubuka. Majirani wanasema ana kiburi." Akajifuta macho kwa kiganja. "Ningetoa ng'ombe wangu wote kanisani, kama kingekuwa kiburi."

"Basi mrudishe kwao."

"Kwao wapi? Mama yake nilimzika kwa mikono hii."

"Yuko wapi sasa?"

"Nimekuja naye. Nimemwacha kwa dada yangu Ida, pale nyuma ya mikaratusi."

Efraimu alisimama kati yake na benchi. "Kaka, silaha ya mtu siitoi. Mimi nitapoteza leseni, na wewe utanyongwa."

"Leo lazima ageuke," Hezekia alisema polepole, kana kwamba hakumsikia. "Asipogeuka, basi nitakuwa nimejua."

Hakupiga kelele, wala hakutukana. Aliketi juu ya gogo akainamisha kichwa. Efraimu alimwonea huruma. Akaingia ndani kumchotea togwa, akidhani moyo utapoa.

Aliporudi, gogo lilikuwa tupu. Bastola ndogo ilikuwa peke yake juu ya benchi. Katika kopo la risasi sita zilibaki tano.

Alikimbia na kibuyu mkononi, togwa ikimmwagikia miguuni. Alimwita Hezekia, akamwita Mungu. Ni yeye aliyefundisha ipi inaudhi na ipi inaua. Ni yeye, kwa keekee yake mwenyewe, aliyeituliza ile bastola ili hata mkono wa mpishi usikose.

Alikuwa bado katikati ya mikaratusi mlio ulipopasuka. Kunguru waliruka wote kwa pamoja. Mbwa alimpita mbio, mkia katikati ya miguu.

"Jamani, Hezekia!" Ida alikuwa akilia mlangoni, mikono kichwani. "Jamani, kaka yangu!"

Hezekia alisimama katikati ya ua. Bastola ilikuwa bado imeelekea mbinguni, na machozi yalimtiririka hadi kidevuni. Hatua tatu mbele yake, amekaa vumbini, amempa mgongo babu yake, Telesia wa miaka mitatu alikuwa akipanga viazi mstari mmoja, kimoja baada ya kimoja.

Hakugeuka.