Mlango Mmoja wa Majirani Watatu

Usinibenulie mdomo, wewe. Unadhani majirani wakishaungana wamepona? Basi sikiliza.

Pimbi, Ngiri na Nungunungu waliunganisha mapango yao. Milango ya zamani wakaiziba kwa udongo wa kichuguu, ukakauka kama mwamba. Wakabakiza mlango mmoja wenye jiwe, wakaapa kwamba jiwe halisogezwi mpaka wote watatu wakubali.

Siku moja Chatu akaja.

"Tufunge, jamani! Nina watoto!" Pimbi akalia.

"Nakubali," akasema Ngiri.

Nungunungu akajikuna. "Sikubali. Mimi nina miiba, Chatu hanili. Na hewa ya mlangoni naipenda."

"Ngiri kaka yangu, una nguvu, sukuma peke yako!"

Ngiri akainamisha kichwa. "Kiapo ni kiapo, dada."

Chatu akaingia, akameza watoto wanne na mama yao. Alipogeuka kutoka, tumbo likakwama mlangoni, akalala papo hapo.

Mlango ukafungika barabara. Ndani, hewa aliyoipenda Nungunungu ikaisha, akafa yeye na Ngiri na kiapo chao.

Haya, kaa hapo uendelee kubisha. Mimi natoka, na mlango huu naufunga bila kumuuliza mtu.