Glasi za Jini

Mwanamke aliyesukuma mlango wa duka asubuhi ile alikuwa amekufa maji zamani, na Mzee Bilauri ndiye aliyepokea rambirambi.

Alikuwa ameinama akipangusa rafu ya chini. Aliponyanyua kichwa na kuuona uso ule, kitambaa kilimdondoka. Macho yale yale. Mwanya ule ule kati ya meno ya mbele. Hakuwa amezeeka hata chembe.

“Shikamoo, mzee. Natafuta glasi za jini.”

“Jini?” mzee aliuliza. “Jini gani?”

Mwanamke akacheka. “La kunywa, mzee! Hilo jingine lina haja gani na glasi?”

Kicheko hicho nacho alikijua.

Watu walimwita Mzee Bilauri kwa sababu hakuuza kitu kingine ila glasi. Kabla ya duka alikuwa mhudumu wa baa katika hoteli kubwa, na yote aliyojifunza huko alimfundisha mke wake, nyumbani, mezani, wakiwa wawili tu. Mke akikosea, alimrekebisha. Mapenzi gani hayo yasiyorekebisha? Alimpenda kama mboni ya jicho. Hakumwacha ahangaike sokoni wala apoteze muda na mashoga. Kila kitu aliletewa ndani. Kisha siku moja mzee alirudi kutoka kazini akakuta dirisha liko wazi. Viatu vya mkewe vilionekana kando ya mto. Mwili haukuonekana.

Hakuoa tena. Lakini mkewe hakumwacha. Lori likipita barabarani na glasi zikalia rafuni, alimsikia. Nyayo zikipita nje ya duka, aligeuka.

Na sasa huyu hapa, anaongea.

“Tunafungua mgahawa, mimi na mume wangu. Basi mwenzangu anataka kila kinywaji kitiwe kwenye glasi ya maji! Nikamwambia, wee, utatuaibisha mchana kweupe.”

Alichukua glasi yenye tumbo pana na mguu mrefu. Akaigonga ukingoni kwa ukucha, akaisogeza sikioni, akafumba macho. Nywele zikamsisimka mzee. Duniani kote alimjua mtu mmoja tu aliyesikiliza glasi kabla ya kuinywea.

“Hii ni ya jini na toniki,” mwanamke alisema. “Inabeba barafu nyingi, na harufu inakusanyika hapa juu, puani. Ile fupi na nzito ni ya wanaotaka jini na barafu, basi. Na hii ndogo, yenye mdomo uliotanuka…”

“Ya jini lililopozwa, lisilo na barafu,” mzee alinong’ona. “Unaishika mguu, si tumbo, kwa sababu…”

“Kwa sababu mkono una homa!” mwanamke alimalizia, akamkodolea macho. “Kumbe na wewe unasema hivyo? Nilidhani ni maneno ya kwetu tu.”

“Nani alikufundisha?”

“Mama.”

Mzee hakuelewa mara moja. Alimtazama upya, kutoka paji la uso kushuka chini, na macho yake yakakwama kwenye kidevu. Kidevu hakikuwa cha mkewe. Hicho alikiona kila asubuhi kwenye kioo, akinyoa ndevu.

“Mama yako… yu hai?”

“Mzima kabisa. Magoti tu yanamsumbua.”

“Na baba?”

“Baba alifariki mimi nikiwa bado tumboni.”

Machozi yakamlengalenga mzee. Miaka yote hii alikuwa akimlilia mtu anayepumua, na mtoto wake wa damu alikuwa akikua pasipo yeye kujua! Alitaka kupiga kelele, alitaka kumkumbatia, lakini angemtia hofu bure.

“Mpigie simu,” alisema kwa upole. “Muulize anapendelea ukingo mnene au mwembamba. Tusije tukakosea.”

“Hapo umenena. Yeye ndiye bingwa.”

Simu ikaanza kuita. Mzee alikwenda mlangoni akazungusha ufunguo, akautia mfukoni. Alifanya hivyo kwa mazoea tu, wateja wasije wakawakatiza. Aliporudi, mwanamke alikuwa ameilaza simu juu ya kaunta na kuongeza sauti ili wote wawili wasikie.

“Mama! Niko kwenye duka la glasi. Ninunue za ukingo mnene au mwembamba?”

“Mwembamba, mwanangu! Mnene ni wa kunywea dawa.”

Sauti ilikuwa imekuwa nzito kidogo. Lakini ilikuwa yake. Yake yeye, hai, yenye kicheko ndani.

Mzee aliinamia simu. Alikuwa akitabasamu.

“Mwembamba,” alisema. “Sijasahau, mke wangu.”



Mwanamke alimtazama mzee, akatazama simu, akajaribu kutabasamu. “Mama? Kuna nini? Mbona umenyamaza?”

Sauti iliporudi ilikuwa ndogo, ndogo sana, kama ya mtu anayeongea akiwa amejificha chini ya kitanda.

“Mwanangu, acha kila kitu. Toka humo. Toka kabla hajafunga mlango.”