Redio juu ya kiti cha pikipiki

"Ngoja kwanza!" Mukamusoni alimshika mkono mkwe wake mjamzito, aliyekuwa anataka kupanda pikipiki ya umeme. Mimba ya kwanza ilikuwa imetoka, na hii hakutaka chochote kiichezee.

"Maman, unaogopa nini?" dereva akacheka. "Haina moshi, haina hata kelele."

"Hata mwizi hana kelele, papa."

Akatoa redio yake ndogo kikapuni, ile iliyofungwa kwa mpira, akaiinamisha juu ya kiti, ambacho betri imelala chini yake. Wimbo wa kwaya ukaingiliwa na mkwaruzo: trrr, trrr.

"Munasikia? Hiyo ndiyo inakula batoto!"

Dereva akaizima pikipiki. Redio ikaendelea kukwaruza.

Mukamusoni akaisogeza huku na huku, taratibu, kama anayetafuta jiwe ndani ya mchele wa Bugarama. Ilipofika kwenye tumbo la mkwe wake, ikapiga kelele kuliko mwanzo.

Mkwe akafungua kitenge. Simu ilikuwa imefungwa pale, juu ya tumbo, ikiwaka na kuita bila sauti.

"Ni wewe ulisema ilale hapa, Maman," akasema, "mchana na usiku, nisikose ukinipigia."