Gauni la Mapenzi ya Kuazima

Msimu wa tuzo, mwigizaji hapiti kwenye zulia jekundu bila vazi la filamu yake mpya, na vazi humfanya aliyelivaa apende kama mhusika wake. Kwa hiyo Zulfa aliporudi nyumbani kutoka kwenye tuzo, gauni la filamu yake bado mwilini, na kumkumbatia mumewe, Machano, akimwita "roho yangu", Machano alimtazama kwa jicho la pembeni. Tangu Ramadhani walikuwa hawasemezani.

"Kavue gauni kwanza."

Zulfa akalivua, akarudi na kanga kifuani na tabasamu lile lile. "Bado unanishuku?"

Moyo wa Machano ukalainika ghafla. Ndipo alipopapasa kola ya kanzu, zawadi aliyoachiwa kitandani na mkewe asubuhi, akaikuta nembo ya filamu ile ile.

Zulfa akamtazama mikono, akingoja.

Machano hakuivua kanzu ile.