Duara la Karibu na Tundu

Duara lililokuwa karibu na tundu lilikuwa limegeuka yai jembamba.

Mpimaji aliinama tena na rula yake, magoti yakimlalamikia. Asubuhi alichora maduara juu ya kipande cha mpira chenye tundu, kila moja upana wa sentimita moja, kisha akakitundika na kukining'inizia vyuma vya kilo ishirini. Maduara ya katikati yalivutika kidogo tu. Hili la kando ya tundu la bolti lilivutika hadi mara tatu ya upana wake; mpira ungeanza kuchanikia hapo.

Miaka kumi na tisa kiwandani hapa, walipima yale ya katikati peke yake. Ndivyo alivyofundishwa, ndivyo alivyowafundisha wenzake, na mazoea yana taabu.

"Mama, weka saini," msimamizi alisema kutoka mlangoni. "Lori linangoja mkanda."

"Njoo kwanza uone hapa kwenye tundu."

"Tundu ni tundu tu, mama. Tangu lini tukapima tundu?"

Mpimaji alishachoka kubishana hata kabla hawajaanza. Mkanda uliokatwa kipande hiki ulikuwa unakwenda machimboni kupandishia mawe. Mdogo wake wa mwisho alikuwa akifanya kazi huko. Mchana yeye na wenzake hukaa kula chini ya mkanda, maana ndipo penye kivuli.

Akaokota chuma cha kilo tano, akamkabidhi msimamizi.

"Haya, bosi, niongezee hiki wewe mwenyewe. Sogea karibu, ukitundike vizuri."

Msimamizi akakipokea. Akautazama mpira, akalitazama tundu, kisha akarudi nyuma hatua mbili.